Nilisema Mungu hakukaa kwenye kiti changu. Je, nimekufuru?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, karani kwenye idara ya hesabu, na mwaka huu nimemaliza mitihani ya bodi ya uhasibu. Anayeijua mitihani ile anajua ninachosema. Somo la mwisho lilinitesa. Nililifeli, nikarudia, nikafeli tena, mpaka watu wakaanza kunishauri niachane nalo nilee mtoto.

Nilikuwa nikirudi kazini namwogesha mtoto, namkabidhi kwa mama, kisha nakaa mezani. Usingizi ukinizidi natia miguu kwenye beseni la maji baridi. Kikokotoo changu kimefutika namba, saba na nane hazisomeki tena, nabonyeza kwa mazoea tu. Sisemi haya kwa kujisifu, nataka ujue nimetoka nayo wapi.

Matokeo yalipotoka nikaona jina langu limo, nililia. Nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, peke yangu, kabla sijamwambia mtu yeyote. Hilo naomba ulishike, maana sasa naonekana kama mtu asiye na dini.

Mama akaandaa maombi ya shukrani nyumbani. Wakaja ndugu, majirani na wanakwaya wenzake. Mjomba ndiye aliyeongoza. Akasema mengi mazuri, halafu akanigeukia: "Huyu binti asijidanganye. Hakuna alichofanya hapa. Si akili zake, si bidii yake, ni Mungu tu." Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Shangazi, kitu kilinikaba kooni. Maana mjomba huyu huyu, nilipofeli, aliniita akaniambia nimefeli kwa uvivu na simu. Siku ile hakusema ni Mungu. Kwa hiyo nilipofeli nilikuwa mimi, nilipofaulu sikuwepo!

Nikaombwa niseme machache. Nikasema: "Namshukuru Mungu. Lakini Mungu hakukaa kwenye kile kiti usiku. Nilikaa mimi."

Sebule ikawa kimya kama maji mtungini. Mama akainuka, akakusanya vikombe ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kuvinywea, akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo ananijibu neno moja moja. Mtoto bado analala naye kama zamani, ila mimi ni salamu tu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiamka kuniombea muda wote huo. Nilikuwa nasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta nikiwa bado na vitabu.

Mjomba naye amenitumia ujumbe kuhusu Herode aliyeliwa na chango kwa kutompa Mungu utukufu, akaongeza kwamba kilichotolewa kinaweza kuchukuliwa.

Naomba unijibu. Je, nimekufuru? Mama nimwambie nini? Na ofisini wameandaa hafla ndogo ya kunipongeza, nitatakiwa kuzungumza, na baada ya hapo kuna usaili wa cheo. Nikisema "si mimi, ni Mungu tu" nitajihisi muongo. Nisiposema, wataniona nina majivuno.

Mwenye Mdomo

*

Marahaba, mwanangu. Na hongera sana, kwa masomo yote, na kwa hilo la mwisho hasa.

Tumtoe kwanza Herode njiani, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Kisa chake kimo katika Matendo ya Mitume, sura ya 12. Watu wa Tiro na Sidoni walikuwa wakimhitaji kwa chakula, wakaja kujipendekeza. Akavaa mavazi ya kifalme, akaketi katika kiti cha enzi, akahutubia, na watu wakapiga kelele kwamba ile ni sauti ya mungu, si ya mwanadamu. Akakaa kimya akaipokea sifa hiyo. Kosa lake ndilo hilo: alikubali kuabudiwa. Sasa niambie, kwenye sebule yenu nani alikuita mungu? Ulichosema ni kwamba ulikaa kwenye kiti. Na kweli ulikaa. Kusema jambo la kweli kuhusu miguu yako na beseni lako hakujawa kufuru katika kitabu chochote ninachokijua.

Anayestahili kukutia hofu kidogo ni Nebukadreza, mfalme wa Babeli. Katika Danieli 4 anatembea juu ya jumba lake, anautazama Babeli, anasema ni yeye aliyeujenga kwa uwezo wake na kwa utukufu wa enzi yake. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua matofali mengi ya mji ule, na yamepigwa mhuri wa jina lake. Mfalme hakubeba hata moja. Waliofinyanga, waliochoma, waliopanga mstari kwa mstari, wote hawamo kwenye sentensi yake, na Mungu hayumo pia. Majivuno huwa hayamfuti Mungu peke yake, huanza kwa kuwafuta watu. Wasomaji wangu Waislamu watamkumbuka Karuni katika Surat Al-Qasas, aliyesema mali ile amepewa kwa ajili ya elimu aliyo nayo, akadidimizwa ardhini yeye na nyumba yake. Na watamkumbuka Suleiman, mwenye ufalme kuliko wote wawili, aliyeuona muujiza mbele ya macho yake akasema haya ni katika fadhila za Mola wangu, anijaribu nitashukuru au nitakufuru.

Wewe si Nebukadreza. Ila kwenye ile sentensi yako kuna mtu ulimfuta bila kukusudia, na si Mungu. Nitamrudia, vumilia.

Kwanza nimalizane na mjomba. Kusema "hakuna alichofanya" kunasikika kama unyenyekevu, lakini Biblia yenyewe haisemi hivyo. Fungua Nehemia sura ya 3. Watu wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, na mwandishi anataja fulani alijenga kipande hiki, wa pili yake akajenga kile: makuhani wamo, wafua dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, na yumo Shalumu pamoja na binti zake. Hata wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo zao kazini wametajwa, na aibu yao imebaki pale mpaka leo. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Kisha sura ya 6 inasema hata maadui walitambua kwamba kazi ile imetendeka kwa Mungu. Umeona? Majina ya wajenzi yamejaa sura nzima, na utukufu bado umeenda kwa Mungu. Hakuna aliyelazimika kusema hakubeba jiwe.

Paulo naye aliandikia Wakorintho, katika barua ya kwanza, sura ya 15: "Kwa neema ya Mungu nimekuwa hivi nilivyo." Mstari huo huo anaongeza kwamba alifanya kazi kuliko mitume wenzake wote, halafu anasema si yeye, bali ni neema iliyo pamoja naye. Mjomba ameshika kichwa na mkia wa mstari, katikati ameparuka. Kumbukumbu la Torati 8 nayo inamkataza mtu kusema nguvu za mkono wake ndizo zilizompatia utajiri, kisha inamkumbusha kwamba Mungu ndiye ampaye hizo nguvu za kuupata. Nguvu zinatolewa, lakini jembe bado analishika mtu.

Kwa hiyo hasira yako naielewa, na nitakuambia ilikotoka, kwa maoni yangu. Kumpa Mungu utukufu ni tendo la mwenye kazi. Ni yeye anayekishika alichokipata, akakitazama, akajua hakujiumba, hakujipa akili, hakujichagulia mama, akakiinua juu. Wakoma kumi waliposafishwa, mmoja alirudi kumshukuru Yesu, na alirudi kwa miguu yake, hakuna aliyemvuta shati. Mtu mwingine akikupokonya kazi yako mkononi mbele ya watu akamkabidhi Mungu kwa niaba yako, huko ni kukudhalilisha, hata kama watu wameitikia amina. Utukufu wako ulikuwa umeshautoa. Uliutoa kwa magoti, kabla hujamwambia mtu yeyote. Yale ya sebuleni yalikuja baadaye.

Na hili la kufeli ni lako na kufaulu ni kwa Mungu, sina la kulitetea. Ni uonevu, na umezoeleka mno. Kama Mungu alikuwepo kwenye matokeo mazuri, alikuwepo kwenye mabaya pia. Ayubu alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa, akalihimidi jina lake kwa yote mawili. Habakuki akasema hata mtini usipochanua na zizi likakosa ng'ombe, yeye atamfurahia Bwana. Imani inayomtaja Mungu siku ya cheti tu, siku ya kufeli ikamtaja binti na simu yake, ina kasoro, na wewe uliisikia kasoro hiyo kabla ya wengine. Tena kuna watu waliofanya mtihani ule ule, wakaomba vile vile, labda na mama zao wakaamka vile vile, na majina yao hayakutoka. Ndiyo maana mimi huwa nasita nikisikia mtu aliyefaulu akisema Mungu amempendelea. Aliyefeli yuko pale pale anasikiliza, anajiuliza yeye amechukiwa kwa lipi.

Basi, nimekupa haki yako yote. Sasa nikupe na upande wa pili.

Rudia kusoma barua yako pale ulipoandika kuhusu ukuta. Ulikuwa na vitabu, na upande wa pili ulisikia sauti ya mama. Sijui kama umeona ulichoandika. Usiku ule hukukesha peke yako, mlikesha wawili. Tena yeye alikuwa na mtoto wako kitandani. Angeinua sauti kupita kiasi mtoto angeamka, na mtoto akiamka wewe ungefunga kitabu. Kwa hiyo aliomba chini kwa chini ili mtoto asiamke, na wewe bado ukamsikia.

Mama yako hawezi kukufundisha hesabu za kodi. Pengine hata jina la lile somo lililokutesa halijui. Alichokuwa nacho ni kulea na kuomba, akavitoa vyote viwili. Sasa simama mahali pake sebuleni. Mbele ya wanakwaya wenzake, walioambiwa kila wiki "mniombee binti yangu", binti anasimama anasema Mungu hakukaa kwenye kiti, nilikaa mimi. Wewe ulikuwa unamjibu mjomba. Yeye akasikia kwamba maombi yake ya miaka yote yalikuwa kelele za ukutani. Ndipo alipookota vikombe. Mtu aliyekasirika kwa ajili ya dini angebaki akubishie. Yule aliondoka kwa sababu ameumia.

Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Wewe Mungu ulimshukuru mapema na vizuri. Deni lililobaki ni la watu, na kubwa ni la mama. Nawaza pia kwamba mjomba, kwa lile "ni Mungu tu", alimfuta mama kama alivyokufuta wewe, maana katika mahubiri yake sijaona ulipomtaja akisema neno juu ya yule aliyelala na mtoto.

Kwa hiyo nenda kwake. Usiende na mjomba, usiitishe kikao, usingoje Jumapili. Nenda saa ambayo mtoto amelala na yeye hana kazi mkononi. Usianze na maelezo ya kwa nini ulisema, maana yatageuka kesi ya mjomba na mama atajikuta anamtetea ndugu yake. Anza na ukuta. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Mama, nilikuwa nakusikia ukiniombea. Kila nikitaka kufunga kitabu nasikia wewe bado hujalala, naona aibu, naendelea. Siku ile nilisema nilikaa mimi. Tulikaa wote. Nisamehe sikusema hivyo mbele ya watu." Kisha nyamaza. Akilia mwache alie. Akikujibu "ni Mungu tu mwanangu", usimsahihishe, jamani! Kinywani mwake maneno hayo si yale ya mjomba. Yeye anayasema kama mtu aliyekuwa akimsumbua Mungu kila siku na hatimaye amejibiwa. Sema amina, na asante mama.

Usiseme kwamba Mungu alikaa kwenye kiti kama huamini hivyo. Hakuna anayekuomba uongo. Ingawa, nikuulize tu kwa faragha: ulipofeli mara ya pili na watu wote wakakushauri uache, ile hamu ya kufungua tena kitabu kilekile ulichokichukia uliipata wapi? Mimi sikujibu. Jibu mwenyewe siku utakayokuwa na nafasi.

Kuhusu ofisini, huko ni rahisi kuliko unavyofikiri. Hakuna anayekulazimisha kuchagua kati ya Mungu na kikokotoo chako. Yapo maneno ambayo ni ya kweli kwa kila upande: "Namshukuru Mungu aliyenipa afya na nguvu ya kutokata tamaa. Namshukuru mama yangu aliyemlea mwanangu nikisoma. Nawashukuru ninyi," kisha utaje kwa jina aliyekupa ruhusa au aliyekuelekeza, kwa jina kabisa, wala usiseme "wote walionisaidia kwa namna moja au nyingine," maneno ambayo hayajawahi kumfurahisha mtu hata mmoja. "Nimefanya kazi kubwa, na nimefurahi." Ukae. Hiyo sentensi ya mwisho usiione haya. Anayeogopa kuisema mara nyingi huishia kuitafuta kwa mlango wa nyuma: anasema "mimi si kitu, si kitu kabisa", huku akisubiri watu wamkatalie. Au anaweka picha ya gari jipya, la kwake, kutoka pembe nne, na chini yake anaandika utukufu kwa Mungu. Mungu kwenye picha hiyo haonekani, linaonekana gari. Hata yule Farisayo wa Luka 18 alianza vizuri, "Ee Mungu, nakushukuru," halafu akaendelea kumtolea Mungu hesabu ya mafungo yake na zaka zake, na kumshukuru kwamba yeye si kama yule mtoza ushuru. Jina la Mungu mdomoni halizuii majivuno.

Kwenye usaili ni jambo jingine. Pale wanataka kujua unaweza nini, na kuwaficha si unyenyekevu, ni kuwanyima taarifa. Ukiulizwa ulifaulu vipi, waeleze: ulikuwa kazini mchana, ulisoma usiku, ulifeli ukabadilisha namna ya kusoma, na kipi ulikibadilisha. Ukiulizwa mshahara unaotaka, taja. Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1750, alikuwa akiandika mwishoni mwa kazi zake za kanisani herufi tatu, S.D.G., kifupi cha maneno ya Kilatini Soli Deo Gloria, yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Mtu huyo huyo, mwaka 1730, aliwaandikia wakubwa wa mji wa Leipzig kudai waimbaji na wapigaji wa kutosha, na miezi michache baadaye akamwandikia rafiki yake wa zamani kulalamika kuhusu kipato. Alisema kinafika taleri 700 hivi, fedha ya huko wakati ule, kwamba mazishi yakiwa mengi kinapanda kwa sababu ya malipo ya mazishi, ila hewa ikiwa nzuri watu hawafi na yeye anapata hasara. Nacheka kila nikikumbuka. Utukufu aliuandika chini ya ukurasa kwa mkono wake, na thamani ya kazi yake akaidai kwa mkono huo huo. Wewe nawe andika S.D.G. yako popote unapotaka, hata nyuma ya kile kikokotoo, halafu uingie kwenye usaili ukiwa umejiandaa.

Umebaki mjomba. Ujumbe wake wa Herode usiujibu, na vitisho vyake visikusumbue. Umri wake mheshimu, mkikutana mwamkie, shughuli zake hudhuria. Yeye naye ana watoto wanaosoma. Siku mmoja wao akifaulu, nitapenda kusikia kama naye hakufanya chochote.

Shangazi